Mgongo wa Mteremko

Naanza na kosa langu mwenyewe, kabla wenye midomo hawajalisema kwa niaba yangu. Katika miaka ya tisini, nusu ya Kitengela iliamini kwamba mbwa mwenye mgongo wa mteremko, yule ambaye makalio yake yako chini kana kwamba anatafuta mahali pa kuketi, ndiye mbwa halisi wa Kizungu. Imani hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilienezwa na watu, na mhubiri wake mkubwa nilikuwa mimi.

Nilikuwa mwalimu wa nasari, na mwalimu wa nasari akirudia jambo mara tatu linageuka wimbo. Mume wangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Tulikuwa tumenunua ploti na kusimamisha vyumba viwili vya mawe, na punda milia walikuja kula nyasi hadi karibu na kamba ya nguo. Wezi nao walikuja. Walibeba mabati, nondo, hata mlango uliokuwa haujafungwa bawaba. Kwa hiyo kila aliyezungusha waya kwenye ploti yake alitaka Alsesheni, yule mbwa wa polisi, na mimi nilikuwa na jike la Alsesheni.

Dume lilikuwa la jirani yetu, mzee wa kanisa aliyeuza misumari na mabati kando ya barabara ya Namanga. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya kufunga mikutano kwa maombi. Desturi yetu ilikuwa kwamba mwenye dume hachukui hela. Watoto wakifika wiki nane anakuja kuchagua mmoja kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuja na kofia yake, akawapanga watoto kwenye sakafu ya saruji na kuwapitishia kiganja mgongoni mmoja mmoja.

"Unaona vile hii inashuka nyuma, mwalimu? Hii ndio orijino."

Alichukua yule aliyeshuka zaidi. Wengine waliokuja baada yake waliuliza mzee alichagua yupi, nao wakataka wanaofanana na huyo. Aliyenyooka mgongo alibaki wa mwisho, tukampa fundi wa choo kwa bei ya kutupa. Nao walioteremka walipokua, hao ndio waliozalishwa. Nilifanya hivyo mizao mitatu. Nilieleza habari za mgongo wa mteremko kwenye chama cha akina mama, kwenye foleni ya posho mili ya kusagia mahindi na kwenye lango la nasari, bila kuulizwa.

Mtu mmoja tu hakununua maneno yangu. Alikuwa mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, niliyemwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, mwanamke mwenye ulimi mkali na macho yaliyozoea kuangalia miguu ya ng'ombe kuliko nyuso za watu. Katika mzao wa tatu nilijiwekea dume mmoja mdogo, aliyeteremka kuliko wote. Asubuhi moja, baada ya kunisalimia "Takwenya" na mimi kumjibu "Iko," aliweka mtungi chini akamtazama yule mtoto akikimbia. Miguu ya nyuma ilikuwa ikiruka yote miwili pamoja, kama ya sungura.

"Mwalimu, hii mtoto iko na shida. Ingekuwa ndama, ingekuwa imeshachinjwa."

"Yeyo, hii si ndama. Hii ni mbwa ya Kizungu. Hutembea hivyo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwani mbwa ya mzungu haina mfupa?"

Nilikasirika. Kwa siku kadhaa nilimpokea maziwa bila maneno mengi, na yeye hakuonekana kujali hata kidogo.

Kisha zikaja mvua za Elinino, na udongo wetu mweusi ukawa uji. Yule mbwa wangu alikuwa anakaribia mwaka. Mlangoni kwetu palikuwa na ngazi moja ya jiwe, ngazi ambayo mtoto anayetambaa angeipanda, na mbwa wangu akawa anasimama mbele yake akilia. Nilijiambia ni matope. Nilijiambia ni baridi. Mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa akimshika chini ya tumbo, akimbeba na kumwingiza ndani. Siku moja akaniuliza huyu mlinzi wetu atamfukuza mwizi namna gani kama yeye mwenyewe anabebwa. Nilijua ni utani, na ulinichoma vilevile.

Daktari wa ng'ombe alikuja na pikipiki iliyojaa matope mpaka kwenye taa. Alimlaza, akaunyoosha mguu wa nyuma taratibu, na yule mbwa mpole, ambaye hakuwahi kumng'ata hata kuku, akageuka na kuuma hewa. Daktari aliuachia mguu. Alisema twende Nairobi apigwe picha ya eksirei. Tuliomba pikapu ya mfanyakazi mwenzake mume wangu, tukaenda, mbwa akalazwa kwa sindano ya usingizi, na tukarudi na picha ndani ya bahasha ya kaki.

Daktari aliiinua kuelekea jua pale uani kwetu. Alinionyesha kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kinapaswa kukaa ndani ya nyonga kama yai ndani ya kikombe. Cha mbwa wangu kilikuwa kama yai kwenye sahani. Kila hatua kiliteleza, kila kuteleza kulisaga, na pale palipopaswa kuwa laini palikuwa pameshaota mabonge.

"Ni matope?" nikauliza. Bado nilikuwa nataka iwe matope.

"Si matope. Unene na kukua haraka vinaongeza, lakini hii kitu amezaliwa nayo. Imetoka kwa wazazi."

"Mzazi gani?"

"Mpaka wote wawili wapigwe picha. Macho peke yake hayatoshi, mwalimu."

Sikusubiri matope yakauke. Nilienda dukani kwa yule mzee na bahasha yangu. Alikuwa akimpimia mteja misumari. Niliongea naye kwa adabu, nikamwambia Mzee, tusaidiane, tuwapige picha dume lako na jike langu kabla hawajazaa tena. Aliendelea kupima misumari.

"Mwalimu, mbwa yangu inaruka ukuta. Wewe uko na kiwete moja unataka kuniharibia jina?"

"Sitaki jina lako, Mzee. Nataka nyonga."

Mteja akacheka. Mzee hakucheka, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kusalimiana kanisani tu kwa sababu mchungaji anaangalia.

Baada ya mvua kuisha, serikali ilitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa katika kambi ya chifu. Watu walikuja na mbwa kwa kamba za katani, kwa mishipi, kwa vipande vya waya. Mimi nilikuja na wawili wangu, mama na mwana, mwana akiwa kwenye mkokoteni. Hapo ndipo nilipowaona wote mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Huyu anakaa upande upande, mguu mmoja ameutupa nje. Yule anainuka kwa mikono, akivuta makalio nyuma. Wale watatu wanaruka kama sungura. Kila mmoja nilimjua. Nilikuwa nimemshika akiwa na ukubwa wa embe, nikamwambia mtu kwa mdomo wangu kwamba huyu ni orijino.

Damu ilinipanda. Mzee alikuwa mbele ya foleni na dume lake, manyoya yanang'aa. Nilipaza sauti ya darasani.

"Mzee! Ofisi ya chifu iko na ngazi tatu. Wacha mbwa yako ipande tuone."

Foleni nzima iligeuka. Mzee alinitazama, akatabasamu, akaachia kamba kidogo. Dume lilipanda ngazi tatu kama maji yanayomwagika kwenda juu, likazunguka, likashuka. Watu walipiga makofi. Mtu akapiga mluzi.

"Sasa leta yako," mzee akasema.

Ningeweza kukataa. Ningesema jike limechoka. Lakini sijalelewa hivyo, na ulimi uliotoa changamoto ulikuwa wangu. Nilimwongoza jike langu hadi kwenye ngazi. Ya kwanza aliipanda kwa kuruka, miguu ya nyuma pamoja. Ya pili aliinua mikono, akasimama, akanitazama. Nilivuta kamba. Hakupanda. Alinitazama tu, masikio nyuma, kama anayeomba radhi, na kicheko kikapasuka nyuma yangu kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho.

Daktari, aliyekuwa na sindano mkononi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ngazi si picha, kwamba dume linaweza kuruka mpaka mbinguni na bado limebeba ugonjwa kwenye damu. Nilimsikia. Nilikuwa nimechagua mtihani mbaya, kama vile mwanzo nilivyochagua mgongo mbaya. Lakini jibu moja nilikuwa nimelipata, na halikuwa la mzee.

Niligeuka nikawaangalia. "Haya, mmeona. Huyu ndiye mama wa mbwa zenu. Nimewauzia ugonjwa nikiuita uzuri. Ya mzee sijui, picha ndiyo ingesema. Yangu najua. Huyu hazai tena, na mwenye mtoto wake asimzalishe."

Walicheka tena, lakini si wote. Nilijizuia mpaka nikafika nyumbani, na huko nikalia, nikalia sana, jike akinilamba mikono iliyokuwa imemvuta.

Wiki iliyofuata daktari alimfunga uzazi. Mngesikia maneno! Kwenye chama niliambiwa nimeingilia kazi ya Mungu. Mama mmoja aliyekuwa akingoja mtoto wa mbwa alisema mwalimu ameruka akili. Walisema jike lililokatwa halibweki, ni pambo tu. Lilibweka kila siku mpaka likafa, na kila lilipobweka nilifurahi kwa kiburi kisicho cha Kikristo.

Siku za Jumamosi nilianza kuwafuata wanunuzi wangu wa mbali. Wengine walinipa chai. Mmoja huko Kajiado alinifungia geti. Huko Isinya nilimkuta jike mmoja amelala kwenye magunia, viwiko vimechubuka kwa kujiburuta, na tumbo limejaa watoto. Nilimwuliza mwenyewe kwa nini amemzalisha ilhali anaona hali yake.

"Mwalimu, si ulisema ndio orijino?"

Nimefundisha miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunirudishia somo langu vizuri namna hiyo. Nilikaa chini pale kwenye magunia, nikamweleza upya, tangu mwanzo, nikianza na uongo wangu.

Picha ya eksirei niliibandika kwenye kioo cha dirisha la mbele, pale panapopigwa na jua la asubuhi. Kila aliyekuja kuuliza watoto wa mbwa aliona mifupa kwanza. Wengi walirudi zao. Mume wangu alisema nyumba yetu sasa inafanana na hospitali. Nikamwambia basi wagonjwa watajua pa kuja. Ilipita miaka bila mzao hata mmoja. Baadaye, kutoka kwa askari mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mbwa, nikapata jike ambalo picha za nyonga za wazazi wake zilikuwepo. Nikangoja likomae, nikalipiga picha. Nikatafuta dume, nikalipiga picha. Madume mawili niliyakataa, moja likiwa zuri la kuvunja moyo. Dume la mzee halikupigwa picha hata siku moja, na hadi leo sijui lilikuwa na nini. Alizidi kuuza watoto wake, na wapo walionunua.

Mzao wangu wa kwanza tangu ile picha ulifika miaka ya elfu mbili, wakati Kitengela ilikuwa imeshaanza kujaa maghorofa. Watoto walikuwa na wiki tisa asubuhi ile mama wa maziwa alipoweka mtungi wake chini. Nywele zilizokuwa zikianza kuota tena kwenye kichwa chake cha kunyolewa zilikuwa nyeupe sasa, ulimi ulikuwa uleule. Aliwatazama wakikimbia, kila mguu na zamu yake. Akainama, akamkamata jike mmoja mwenye mgongo ulionyooka kama benchi, akauvuta mguu mmoja wa nyuma, kisha mwingine, jinsi anavyokagua mwanakondoo.

"Hii nipe. Ifuate ng'ombe."

"Ngoja, Yeyo, hujaona picha ya mama yake."

"Picha ni ya watu ya Nairobi. Hii iko na miguu."

Sikumwuzia. Nilimpa, na nikaona nimelipwa kwa yale yote ya kambi ya chifu. Aliondoka akielekea upande wa malisho, na yule mtoto, kwenye kamba ya katani, akimfuata kwa mwendo wa haraka.

Mbwa wangu wa picha, yule wa yai kwenye sahani, alikuwa bado hai. Wengi walinishauri adungwe sindano ya kumpumzisha milele, nami nilikuwa nimekataa. Siku aliyoweza kutembea alitembea, siku aliyoshindwa tulimbeba. Aliwaona wakienda akataka kuwafuata. Alijiinua kwa mikono, akavuta makalio yake hadi getini, akafika, akakaa upande upande, mguu ameutupa nje. Nilienda nikakaa chini karibu naye. Nilimwomba msamaha kwa sauti, jirani wakisikia. Kisha nikambeba, nikampandisha ngazi.