Utando Kwenye Tangi la Samaki wa Masaki

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa samaki. Nilikabidhiwa wembe, ndoo mbili na mpira wa maji wenye urefu wa mikono minne, kisha Msimamizi wa Matangi akaniambia nivue viatu. Kituo chetu kilikuwa Pangani, hii ya Kibaha, nyuma ya nyumba za watumishi, na sakafu ya chumba cha matangi ilikuwa haikauki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri ya baiolojia, kwa hiyo nilijiona najua.

"Unaona nini humo?" Msimamizi aliniuliza mbele ya tangi la kioo lililopandwa majani.

"Samaki, mzee."

"Samaki hata paka anawaona. Nakuuliza maji."

Nikanyamaza.

"Afadhali umenyamaza. Aliyekutangulia aliniambia maji ni safi, nikamwambia anywe."

Kwa miezi sita ya kwanza nilisugua vioo na kubadilisha maji tu. Nilijifunza kwamba kijani kigumu kinachoshika kwenye kioo ni mwani wa kawaida, unakwanguliwa kwa wembe na haumdhuru mtu. Nilijifunza pia kuogopa kitu kingine, utando wa kijani kilichokolea unaoteleza kama kamasi. Unaanzia kwenye mchanga, unapanda kwenye mashina, mwisho unayalaza majani kama shuka lililolowa. Ukiuvuta unabanduka vipande vipande na harufu yake ni ya dimbwi lililooza. Shuleni tulifundishwa kuuita mwani. Msimamizi alisema huo ni bakteria anayejifanya mmea, na ndiyo maana hauna aibu.

Dawa yake aliirudia mpaka nikaiota. Uvute utando wote kwa mpira. Badilisha theluthi ya maji. Acha kulisha. Ongeza mzunguko wa maji, maana utando unapenda maji yaliyolala. Kisha funika tangi kwa nailoni nyeusi siku tatu kamili, usichungulie. Majani yatavumilia giza, utando hautavumilia. Na chochote unachotia ndani ya maji, hata chumvi kijiko kimoja, uandike kwenye kadi iliyobandikwa ubavuni mwa tangi. "Samaki hasemi," alikuwa akisema. "Kadi ndiyo mdomo wake."

Samaki wetu walikuwa wa madimbwi ya msimu, wadogo kama kidole cha mwisho. Huanguliwa mvua zikijaza dimbwi, hukua kwa wiki chache, hutaga kwenye tope, na dimbwi likikauka hufa wote. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu yakingoja mvua nyingine. Wazee wa Kisarawe walituambia wanadondoka kutoka mawinguni, na ukiwaona katika shamba lililokuwa vumbi mwezi uliopita, huna la kuwabishia. Kila dimbwi lilikuwa na wake. Kazi ya kituo ilikuwa kuwalea wasipotee.

Baadaye nilihamishiwa Masaki ya Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho, kuwa mwangalizi wa madimbwi. Huko nilimkuta Bi Tatu, mjane wa umri wangu, ambaye dimbwi moja lilikuwa mwisho wa shamba lake. Samaki wa dimbwi hilo walikuwa na mkia wa njano wenye pindo jeusi, na hatukuwahi kuwaona penginepo. Bi Tatu alitucheka.

"Nyie watu wa Kibaha mna kazi! Mnalea vidagaa kama watoto wachanga. Mnawaogesha pia?"

"Wanakaa majini, Bi Tatu."

"Basi mna nafuu."

Lakini yeye ndiye aliyefukuza bata wasiingie dimbwini, na yeye ndiye aliyenipigia simu akihema siku greda lilipokuja kunyanyua barabara ya kijiji. Nilipofika, dimbwi lilikuwa limeshindiliwa kifusi. Kwenye kona moja yalibaki maji ya kujaza karai, na Bi Tatu alikuwa amepiga magoti humo akichota samaki kwa kifumbu chake cha kuchujia tui. Aliokoa kumi na tisa. Duniani, kwa jinsi tulivyojua sisi, wa aina hiyo walikuwa hao tu.

"Wapeleke," aliniambia. "Wakizaa, unirudishie."

Nilirudi nao Kibaha. Msimamizi alikuwa ameshastaafu na kuhamia Janga kulima, nami nikapewa cheo chake. Juu yangu alikuwapo Mkuu wa Kituo, mwanamke msomi aliyekuwa rika la binti yangu. Kila asubuhi alinipa shikamoo kabla ya kunipa amri.

Mayai ya kwanza yaliota ukungu. Nikaingiwa na hofu ya kipumbavu kwamba samaki wana njaa, nikawa nawalisha maini ya kuku yaliyosagwa mara nne kwa siku. Maini yaliyobaki yalizama mchangani yakaoza. Kosa la kwanza ni hilo, na lilikuwa langu peke yangu. Wiki ya tatu utando ukatokea. Jumanne asubuhi nilikuwa nimeuvuta, nimebadilisha maji na kufunika tangi kwa nailoni nyeusi. Hesabu yangu ilinipeleka Ijumaa.

Saa sita mchana Mkuu wa Kituo akaja. "Mzee Kondo, Alhamisi saa nne tuna wageni kutoka Dar. Wanataka kuwaona wa Masaki. Tangi linaweza kuwa tayari?"

Niliitazama nailoni nyeusi.

"Niambie ukweli. Kama haliwezi, nitawaomba waje wiki ijayo. Si tatizo."

Mlango aliufungua hivyo, wazi kabisa. Nami nikasema, "Litakuwa tayari."

Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba vidonge vya rangi mbili, ile antibayotiki ya watu, vinaua utando kwa siku moja. Nilikwenda duka la dawa.

"Nani anaumwa?" muuzaji aliuliza.

"Mimi. Tumbo."

"Pole, mzee. Usile pilipili."

Nilifungua vidonge vinne na kumwaga unga ndani ya tangi. Sikuandika kwenye kadi. Kalamu ilikuwa mfukoni, naikumbuka.

Jumatano mchana utando ulikuwa umekuwa kijivu na kulegea, nikauondoa kama ninavyotoa uji uliomwagika. Majani yalisimama. Mkuu wa Kituo alipita akapiga makofi. "Mzee, mikono yako ina baraka." Nilicheka. Sikujua, au sikutaka kukumbuka, kwamba dawa ile haichagui. Ndani ya sponji ya chujio na mchangani wanaishi bakteria wengine, wazuri, wanaokula sumu ya mkojo wa samaki. Ukiwaua hao, maji yanabaki maangavu kama kioo na yanaua.

Alhamisi saa mbili asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo hewani, mashavu yanakwenda mbio. Mmoja alikuwa ameshageuka tumbo. Mkuu wa Kituo alimpigia simu Msimamizi wa zamani, na saa tatu akashuka kwenye pikipiki akiwa na matope ya shamba miguuni. Hakusalimiana na mtu. Alichovya kidole, akanusa.

"Kondo, umeweka nini?"

"Sijaweka kitu, mzee. Nimefunika tu."

Akasoma kadi. "Hapa hakuna kitu. Nakuuliza tena. Umeweka nini?"

"Hakuna."

Nilimwona akipima, na nilijua anapima nini. Kama ni dawa, inabidi kumwaga maji karibu yote na kuleta sponji chafu, yenye uhai, kutoka tangi la zamani. Kama ni ugonjwa, sponji hiyo haiguswi, vyombo visichanganywe, maji yasitibuliwe, itiwe chumvi kidogo na kungoja. Ukikosea hapo unaua kwa mkono wako.

"Mara ya tatu, Kondo. Hata kama ni kitu kidogo."

Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama karibu yangu. "Wallahi hakuna," nikasema.

"Basi ni ugonjwa," Msimamizi akasema. "Leteni chumvi. Mtu asiguse tangi lingine."

Aliamini neno langu kuliko pua yake. Tulitia chumvi, tukangoja. Wageni walifika, wakawekwa ofisini na chai. Nilisimama nikihesabu. Kumi na tano. Kumi na mbili. Jike moja lenye tumbo la mayai lilizunguka kama jani kwenye bomba, likatulia mchangani. Tisa. Msimamizi alikuwa ananong'ona, "Lakini huu si ugonjwa ninaoujua, huu siujui," akijilaumu, na akaisoma tena kadi ileile. Hapo ndipo nikashindwa.

"Mzee, niliweka rangi mbili."

"Ngapi?"

"Nne."

"Lini?"

"Juzi."

Hakuinua sauti. "Leta sponji ya tangi la zamani. Leta maji. Kimbia."

Tulikimbia, na Mkuu wa Kituo mwenyewe akabeba ndoo, gauni lake la wageni likaloa mpaka magotini. Adhuhuri walikuwa wamebaki wawili, wanaogelea vizuri. Msimamizi aliinama akawaangalia, kisha akaenda kukaa nje. Nami nikainama. Wote wawili walikuwa madume.

Sikufukuzwa. Mkuu wa Kituo alinipa kalamu niandike kwenye kadi kwa mkono wangu nilichoweka, siku na saa. Kisha akasema, "Bi Tatu ataambiwa na wewe, mzee wangu. Ofisi haitakusemea." Nikaitikia. Wiki iliyofuata Bi Tatu akapiga simu.

"Watoto wangu hawajambo?"

"Hawajambo, Bi Tatu."

"Wanataga?"

"Wanaendelea."

Madume yale mawili yaliishi miezi kadhaa. Kila asubuhi yalitandaza mapezi na kutetemeka mbele ya majani, kama wanavyofanya mbele ya jike. Niliyalisha kidogo, nikayabadilishia maji, utando haukurudi kamwe. Lilikuwa tangi zuri kuliko yote niliyowahi kutunza.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaofuga samaki majumbani huniuliza dawa ya utando, nami huwapa ileile niliyofundishwa, nikiongeza wapunguze chakula na wapande majani mengi yanayokua haraka. Wengi huniuliza kama vidonge vinafaa. Nawaambia vinafanya kazi, na kwamba mimi nimewahi kuvitumia. Kosa la vidonge lingeweza kurekebishwa kwa ndoo ishirini za maji. Lililowaua wale wengine ni saa mbili nilizokaa nikisema hakuna.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilikwenda Masaki. Bi Tatu alinipokea mfuko wa sukari akauchungulia.

"Nilidhani wamo humu," akacheka. "Njoo uone."

Alinipeleka chini ya shamba, mbali na barabara. Alikuwa ameng'oa mihogo akachimba dimbwi jipya, pana kama chumba, kina cha kiuno, na udongo wake ameurundika vizuri pembeni. Aliniuliza kama kina kinatosha. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama palepale.

"Walikufa lini?"

"Kabla ya masika yaliyopita."

"Siku ile nilipokuuliza kama wanataga?"

"Majike yote yalikuwa yamekwisha kufa."

Aliondoka akaenda nyumbani. Nilidhani ndiyo basi. Akarudi na jembe, akaniwekea mkononi.

"Nimechimba siku nne, na mgongo huu. Fukia nipande muhogo wangu."

Alikaa kwenye kivuli cha mkorosho akimenya mihogo, na mimi nikaanza kuvuta udongo. Nina miaka mingi, pumzi yangu fupi. Kila niliposimama kujifuta jasho, nilisikia kisu chake kikisimama pia.

"Bado, bwana Kondo," alisema bila kuinua macho. "Bado."