Kipupwe chakosa theluji, mafuta ya Bogumiła yaingia uchungu

Saa moja na nusu asubuhi. Bogumiła Kędra anamwaga gao la mbegu za kanola juu ya karatasi nyeupe, anazikandamiza kwa kitako cha chupa, kisha anainama kutazama. Mbegu iliyokomaa huacha doa la manjano. Leo, kila penye madoa matatu ya manjano pana moja la kijani.

"Unaliona hilo?" anauliza, akipangusa mikono kwenye aproni. "Hilo la kijani ndilo lililonivunjia heshima."

Kwa miaka 31, mwanamke huyu mwenye umri wa miaka 59 amekuwa akikamua mafuta katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kimoja cha Kujawy, Poland. Kaka yake, Zenobiusz, ndiye mkulima. Mashudu huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe, na mafuta huenda sokoni kila Jumamosi. Watu wa hapa huyamimina juu ya viazi vya moto na jibini laini, na wengi hawajui mafuta mengine.

Kanola yao hupandwa mwishoni mwa Agosti. Huota majani, ikatulia chini ya theluji, na kuamka Machi. Isipoipata baridi hiyo, haijui lini itoe maua.

Kipupwe kilichopita theluji haikuja.

"Desemba nzima ni mvua na tope," anasimulia Zenobiusz. "Mimi natembea shambani na shati tupu! Kanola inanifika magotini, wakati ilitakiwa iwe imelala chini. Nikamwambia dada, safari hii tutavuna mpaka tuchoke. Mjinga mimi."

Februari mashina yalikuwa yamekwisha kurefuka. Aprili, maua yakiwa ndiyo kwanza yanachanua, baridi iliyochelewa ikashuka siku mbili mfululizo na kuyakausha. Mimea ikatoa maua mapya pembeni. Funza ambao kwa kawaida hufa kwa baridi walikuwa hai, wakila mashina kwa ndani.

Julai, shina moja lilikuwa na maganda yanayopasuka na mengine mabichi kabisa. Kuyangoja mabichi kungemwaga yaliyokomaa. Zenobiusz akavuna yote pamoja. Shamba lililozoea kutoa tani 16 likatoa tisa.

Mafuta ya kwanza yalitoka na rangi ya kijani. Bogumiła akachovya kidole, akaonja. Uchungu wa majani mabichi ukamkaa kooni.

"Nilijua pale pale," anasema. "Lakini chupa 120 zilikuwa zimeshaoshwa na kesho yake ni soko. Nikajiambia, nani atagundua? Hilo ndilo linaloniuma. Theluji sikuizuia mimi. Chupa nilizijaza mimi."

Wiki tatu baadaye, Bi Apolonia, mjane wa miaka 84 aliyekuwa mteja wake tangu siku ya kwanza, alikuja kwa miguu na chupa kikapuni.

"Bogumiła, mwanangu, siku hizi unauza dawa ya minyoo?"

"Labda uliyaweka juani, Bibi."

"Juani wapi? Jiko langu lina giza mpaka paka anagonga kuta! Hebu onja."

Akaonja. Mbali na uchungu, mafuta yalikuwa yameanza kuharibika. Bwana shamba wa eneo hilo anaeleza kuwa ile rangi ya kijani ya mbegu changa, ikiingia kwenye mafuta, huyafanya yaharibike upesi yakipigwa na mwanga.

"Ulijua?" Bi Apolonia akauliza.

"Nilijua, Bibi."

Hakufoka. Alifunga kizibo taratibu, akaiacha chupa mezani. "Ungeniambia tu. Ningekula viazi vyangu vikavu, nikakungojea."

Jumamosi iliyofuata Bogumiła alikwenda sokoni bila mafuta. Alibandika karatasi kwenye meza, ikiwataka walionunua warudishe chupa na kuchukua fedha zao. Alisimama hapo Jumamosi tatu. Chupa 83 zilirudi. Wengine walimcheka, wengine walichukua zloti zao bila kumtazama. Mwanamke mmoja alikataa fedha akasema, "Weka. Hata mume wangu hajawahi kukiri kosa."

Mafuta yaliyosalia aliyauza kwa mtu wa mitambo, ya kulainishia mashine, chini ya theluthi ya bei.

Kwa Bi Apolonia amekwenda mara mbili. Anasema pazia lilitikisika, mlango haukufunguka.

Mwaka huu Zenobiusz amechelewesha kupanda kwa wiki mbili, na ameteua mbegu isiyo na haraka ya kukua. Nusu hekta ameiacha tupu kwa ajili ya mmea wa kitani, ambao wataupanda Aprili. Kitani hakihitaji kipupwe ili kichanue, na mafuta yake yalikamuliwa na bibi yao kabla kanola haijaenea kijijini.

"Na kitani nacho kikitugomea?" Zenobiusz anamtania dada yake akiwa juu ya trekta. "Tutauza nini, mashudu?"

"Kikigoma hatuuzi."

"Tutakula upepo basi!"

"Tutakula. Wewe una kitambi cha akiba."

Kaka mtu anacheka, anaondoka na trekta lake. Bogumiła anabaki ukingoni mwa shamba. Udongo bado una joto la kiangazi, na hakuna anayejua kipupwe kijacho kitakujaje.

Anasema chupa ya kwanza ya mafuta ya kitani ataipeleka kwa Bi Apolonia.

"Nitaiacha mlangoni, asipofungua," anasema. "Kwanza nitayaonja. Yakiwa machungu, nitaandika kwenye karatasi kuwa ni machungu, na nitatia sahihi."