Saa ya Zambia

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu watarajiwa kutumia kompyuta na projekta darasani, na nitasema wazi: nimeichoka. Chuo chetu kina kompyuta chache, na nyingi ni mbovu. Wapo wanaohitimu wakiwa wameshika kipanya mara mbili tatu tu, kisha tunawapeleka Tunduma, mpakani, kwenye madarasa ambayo watoto wamebanana hadi mlangoni, tunawaambia: haya, fundisheni kwa teknolojia.

Mwaka ule nilikuwa na mmoja wa kunifuta machozi. Binti wa wakulima wa kahawa kutoka Iyula, mpole, lakini king'ang'anizi. Projekta ya chuo, ambayo wenzake waliiogopa, yeye alikuwa ameizoea kama jiko la kwao. Kwa somo lake la mwisho la mazoezi, lile la kutathminiwa, alitengeneza picha za moyo unaodunda. Asipofaulu somo hilo, cheti hakuna mpaka arudie mazoezi yote mwakani. Na baba yake alishasema huo ndio mwaka wa mwisho wa kumsomesha.

Alikuwa amepanga chumba huko Mpemba, nje ya mji. Siku moja kabla ya somo akahamia chumba kilicho karibu kabisa na mpaka, jirani na shule, ili asichelewe.

Asubuhi nilifika na mtathmini, mzee wa haraka haraka aliyetakiwa kufika Mkwajuni siku hiyohiyo. Saa mbili ikagongwa kengele ya kipindi cha kwanza. Binti hayupo. Nikapiga simu yake, haipatikani. Mtathmini akatazama saa yake, mimi nikatazama geti. Kipindi kilikwisha, mzee anafunga mkoba, ndipo binti akatokea kwenye ukungu, projekta kaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, anatabasamu.

"Shikamooni walimu. Nimewahi ili nifunge mitambo kabla watoto hawajaingia."

Mtathmini akamwonyesha saa yake. Tabasamu likamwisha, akatoa simu kutuonyesha. Kwenye simu ilikuwa bado haijatimia saa mbili.

Mwalimu mwenyeji, mama mzaliwa wa pale, alishika kiuno. "Hiyo saa ya Zambia, mwanangu. Ukilala kule mpakani simu inashika mtandao wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe. Hawakukwambia?"

Hawakumwambia. Watu wa mpakani wakipeana miadi huulizana, saa ya kwetu au ya kule, na wamezoea kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Kweli ng'ombe wa maskini hazai.

Nilimsihi mtathmini. "Mzee wangu, kipindi kimoja tu."

"Mwalimu, mimi naandika nilichokiona," akasema, "na sijaona kitu." Akaingia kwenye gari.

Binti hakulia. Aliomba kipindi kilichofuata, akatundika shuka jeupe ukutani, akafundisha. Moyo ukadunda kwenye shuka, na darasa lote lile likanyamaza, kila mtoto mkono kifuani akiutafuta wake. Nimekagua masomo miaka mingi; sijaona zuri kuliko lile. Lakini alama zangu hazikuwa na kazi; zilizohesabika ni za mtathmini. Nilikaa nyuma na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na sikujua nimpige nani.

Mwaka uliofuata nilimtafutia nafasi ya kurudia mazoezi, nikampigia. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakichuma kahawa.

"Baba ameshasema, mwalimu," akajibu taratibu. "Ila wale watoto, nani aliwamalizia somo? Tulibakiza mishipa ya damu."

Nikamwambia ametumwa mwenzake, projekta anayo, watoto wanaendelea vizuri.

Hajatumwa mtu. Projekta iko kabatini kwangu, bado imefungwa kwenye kanga yake.