Mama wa Tatu Pale Kisimani

Sinema ile ilikuwa ya hovyo, na tuliipenda kupita kiasi. Steringi alikuwa muuaji wa kukodiwa. Alipigwa risasi bega la kushoto, bandeji ikafungwa la kulia, na bastola yake haikuishiwa risasi hata siku moja. Mwaka ule wa 1980 Jumanne, fundi wa projekta, aliionyesha kila Jumamosi mchana katika ghala langu la mahindi hapa Karatu, madirisha yamezibwa kwa magunia, nami nilikaa karibu na projekta nikimtukana steringi kwa raha zangu.

Kilichotuvunja mbavu ni pale kisimani. Wazungu waliipiga picha sehemu hiyo kule Olbalbal miaka minane kabla, wakawapanga akina mama watatu wa Kimasai wafe mmoja mmoja. Wawili walianguka vizuri. Wa tatu alianguka akicheka, akajiziba mdomo kwa mkono na huku ameshakufa. Ghala zima lilipiga kelele, "Maiti anacheka!"

Mzee Metui hakucheka. Alikuwa mfugaji wa Olbalbal, mpole, ukame ulishammalizia ng'ombe karibu wote. Siku ya kwanza alikuja mnadani na mbuzi, akaingia kwangu kwa bahati tu. Jumamosi iliyofuata akarudi, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na iliyofuata pia. Kisima kikishapita anatoka. Nikamtania kwamba naye amenogewa na sinema.

"Yule wa tatu ni mama wa watoto wangu," akasema.

Mama huyo alikufa kwa uzazi, mwaka mmoja baada ya Wazungu kupiga sinema yao. Jina hakulitaja, kwa maana kwao jina la marehemu halitamkwi. Picha yake nyingine haikuwapo popote.

"Naanza tu kuona macho, ameshaondoka," akaniambia. "Omary, mwambie Jumanne amsimamishe kidogo. Nimwangalie."

Nikajiona mtu mwema. Jumanne alisita, akasema mashine haipendi kusimama, nami nikamkumbusha ghala ni la nani. Sifichi, nilimlazimisha.

Akasimamisha. Mama yule akabaki ukutani, meno nje, mkono haujafika mdomoni. Metui akasogea mbele. Nadhani alipata pumzi tatu. Kisha doa la kahawia likatokea shavuni, likatanuka, ukuta wote ukawa mweupe. Taa ya projekta ilikuwa imeunguza filamu. Watu wakashangilia, wakidhani ni moto wa kwenye sinema.

Jumanne akakata kilichoungua pamoja na urefu wa mkono kila upande, akaunga kwa gundi, akarudisha nyuma kidogo. Steringi akafyatua tena. Wakaanguka akina mama wawili, kisha akapanda farasi akaenda zake.

Metui alikuwa bado amesimama pale mbele.

"Jumanne," akasema kwa adabu, "umemruka mmoja."

Jumanne akainama kwenye mashine yake. Ikabidi nimweleze mimi.