Mgongo Wazi wa Bonareri

Ukitaka kumchokoza Bonareri wa soko la Suneka, muulize kwa nini samaki anayemkaanga anaitwa mgongo wazi. Ataweka mwiko chini akueleze utadhani alikuwepo. Mbuta akivuliwa ziwani hupelekwa kiwandani, minofu yote ikakatwa na kupandishwa ndege kwenda kwa wenye nazo. Kinachosalia ni kichwa, mkia, na katikati uti wa mgongo mtupu. Huyo ndiye tunayeletewa sisi, na waliomwona mara ya kwanza hawakusumbuka kutafuta jina. Wapo wanaodai jina lilitokana na magauni ya mabinti wa mjini, yale yasiyofunika nyuma. Bonareri husema hao wana njaa nyingine, si ya samaki.

Sauti yake ndiyo biashara yake. Akiita "Mgongo wazi, moto moto," hata aliyekuwa na haraka zake hugeuka.

Alhamisi moja, karai limejaa, akatokea Bosire wa Nyamache, aliyemwoa bintiye Cynthia juzijuzi tu.

"Bwakire buya, mama," alisalimu, macho chini. "Kuna mtu ananiletea mbolea. Nimemwambia anipate hapa."

Hapa! Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya mtu na mkwewe, na mama mkwe hatamki mgongo mbele ya mkwe, sembuse ulio wazi. Akajaribu kuita "samaki," watu wakapita wakidhani ni ngege wa bei ghali. Akajaribu "mifupa mitamu," mbwa mmoja akasogea. Jirani yake Nyanchera, asiye na mkwe wa kumwonea haya, alipaza sauti akawazoa wateja wote. Bonareri aliumia. Samaki wale hawakuwa wa kulala. Wasipoisha, ni wa kutupwa, na kesho hana cha kukaanga.

Bosire aliyaona hayo yote. Akainuka, akasogea mbele ya meza, akamgeuzia mama mkwe kisogo ili wasitazamane hata kwa bahati mbaya. Kisha akaita kwa sauti ya kupigia debe magari:

"Mgongo wazi, moto moto, kwa mama Cynthia!"

Watu walicheka, wakaja. Bonareri alifunga samaki kwenye magazeti bila kuinua uso. Mtu wa mbolea alifika, akaambiwa angoje. Hadi karai linabaki mafuta matupu, wawili hao hawakuwa wametazamana hata mara moja, na Bonareri hakuwa amewahi kumpenda mtoto wa mwenzake kiasi kile.