Kicheko cha Mtaliana

Asubuhi moja mwaka huu nilifunga chumba changu cha Wadi Kabir nikatoka bila kujua niendako. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule: miguu hutangulia, sababu hufuata. Alasiri ilinikuta Sidab, mahali ambapo sikuwahi kulala, na kwenye kichochoro kimoja harufu ya ubani ikanisimamisha. Wengine ubani huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha aibu.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Matrah, mji wa bandari wa Waarabu. Mama, mzaliwa wa Unguja, alikuwa akitia sauti za Kiarabu kwenye katuni za Kitaliana, na siku zote alipewa sehemu ya kizee mchawi. Alivaa vifaa vya masikioni, akamsikiliza mwigizaji wa Kitaliana aliyemsemea kizee huyo, akamfuata: mwenzake akikohoa, naye akohoe, akicheka, acheke. Hawakupata kuonana, lakini mama alimwita "Mtaliana wangu", na habari zake akizipata studio.

"Siku hizi wamempa na michezo ya kompyuta," aliniambia. "Kutwa anapigishwa makelele ya kufa. Koo limemkwaruza, maskini."

Mchana mmoja alikuwa akifanya mazoezi chumbani. Jirani yetu Bi Zamzam alipiga hodi wee, mama masikio yameziba. Akaingia, akamkuta anaukaripia ukuta kwa sauti ya kizee, kisha anacheka peke yake. Muda si muda nyumba ilijaa wanawake, chetezo kinafuka, mama kafunikwa shuka.

"Sina kitu, Bi Zamzam! Nna kazi yangu hapa!" mama alisema, sauti ya kizee bado imemkaa kooni.

Bi Zamzam akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Pepo kasema ana kazi yake humu!"

"Muulize kazi gani, shoga, na ataondoka lini!" mmoja wao akadakia.

Mama akajiinamia juu ya chetezo. Watoto wa mtaa walijazana dirishani wakiimba kwamba mama yangu ana pepo. Nilipanda juu ya nyumba nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka magharibi, nikitamani niwe mtoto wa mtu mwingine.

Moshi ule ulimwachia kikohozi cha wiki nyingi. Studio wakampa mtu mwingine sehemu ya kizee, na mama hawakumwita tena. Nilifurahi. Sikujua kwamba angeweza kulivua shuka lile akawafukuza wote. Lakini Bi Zamzam alikuwa na umri wa kumzaa mama, na alikuwa amechoma ubani wake mwenyewe, ule mzuri. Mtu aliyekuja kwa heri, mama hakuweza kumtoa nyumbani kwake kwa fedheha. Fedheha akaibeba yeye, na kazi ikaenda nayo.

Pale Sidab nilibisha hodi kwenye mlango wenye ubani, kuomba maji.

"Watafuta chumba?" bibi mwenye nyumba aliniuliza. "Cha juu ki wazi. Una mizigo?"

"Begi hili tu, bibi."

"Basi ushafika."

Sebuleni wajukuu zake walikuwa wakitazama katuni ya Kitaliana iliyonaswa na dishi kutoka Ulaya. Nilikuwa ngazini niliposikia kicheko: viwili vifupi, pumzi ya kuvutwa kama mtu anayeonja chai ya moto, kisha cha tatu, kirefu. Kilikuwa cha mama, na hakikuwa cha mama.

Nilimpigia simu. "Mama, sikiliza." Nikaielekeza simu kwenye televisheni.

Kizee wa kwenye katuni akacheka tena, na ndani ya kiganja changu mama akacheka naye: viwili, pumzi, cha tatu. Hawakupishana hata kidogo.

Watoto waligeuka. "Nani huyo?"

"Mama yangu," nilisema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.