Mzungu wa Ngano na Miguu Yangu

Nilimchukia yule mtaalamu wa ngano aliyetoka Kanada, kwa sababu trekta zake zililima malisho ya ng'ombe wa baba kule Basotu. Siku moja alinikuta nikifanya mazoezi ya mbio kando ya shamba. Akasema kwao alicheza mpira wa magongo juu ya barafu, kwa viatu vyenye vyuma vya kuteleza.

"Miguu yako ina haraka, lakini haikufikishi mbali," aliniambia. "Sukuma ardhi kama sisi tunavyosukuma barafu, mpaka goti linyooke, ndipo ubadili mguu."

"Ardhi ipi?" nikamjibu. "Si mmeshaichukua?"

Akageuka, akarudi kwenye trekta zake.

Kwenye mashindano ya shule nilisukuma alivyosema, nikawaacha wenzangu wote. Iliniuma kwamba alisema kweli. Alipokuja kunipongeza, nilimpita bila shikamoo.